Stoo imejaa mahindi, mbona mwanangu ana udumavu?

*"Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Njombe, ni wakulima. Mwanangu wa pili, wa kike, ana mwaka mmoja na miezi sita. Juzi kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji mhudumu alimlaza kwenye ubao akampima, akaandika urefu sentimita 73.5 na uzito kilo 9, akaniambia mtoto ana udumavu. Nilishtuka, kwa sababu hajakonda, mashavu yapo na anacheza. Chakula kwetu hakikosekani: mahindi yapo stoo mpaka mavuno mengine, viazi mviringo tunauza kwa magunia, parachichi tunazo, kuku wanataga. Mama mkwe anasema ni ukoo, wao wote wafupi, nisisumbuke. Jirani ameniletea unga wa lishe wenye mchanganyiko wa vitu kumi na viwili pamoja na dawa ya kuongeza hamu ya kula. Mtoto alizaliwa na kilo 2.4. Uji alianza na miezi minne maana alikuwa analia sana. Sasa anakunywa uji asubuhi na jioni, mchana anakula ugali na mchuzi kwenye sahani moja na kaka yake, bibi akiwaangalia, mimi nikiwa shambani. Usiku bado ananyonya. Redioni nasikia njaa duniani inapungua, na sisi Nyanda za Juu Kusini ndio ghala la taifa. Hiyo njaa ya mwanangu imetoka wapi? Atarefuka? Na akili yake je?"*

Marahaba, dada yangu. Umeuliza njaa imetoka wapi, kama mtoto atarefuka, na akili yake itakuwaje. Ninavyokusoma, lipo swali jingine hukuliandika: kama wewe ndiye uliyemkosesha. Hapana. Umelima, umevuna, umenyonyesha, umempeleka kupimwa. Yaliyokukuta yanazikuta nusu ya nyumba zenye watoto wadogo mkoani kwako, na nyingi kati ya hizo zina stoo kama ya kwako.

Tuanze na kipimo chenyewe. Mtoto wa kike wa miezi 18 anayekua vizuri huwa na urefu wa kati wa sentimita 80.7. Wapo wafupi zaidi ya hapo na wana afya njema, ndiyo maana mpaka umewekwa mbali: akiwa chini ya takriban sentimita 75 ndipo tunasema amedumaa, na akiwa chini ya 72 tunasema ni udumavu mkali. Mwanao, kwa 73.5, yuko chini ya mpaka lakini hajafika kwenye ule mkali. Omba apimwe tena, maana mtoto akilia na kukunja magoti, sentimita moja au mbili hupotea hivi hivi. Avuliwe soksi na mafundo ya nywele yafunguliwe. Mtu mmoja ashike kichwa kiguse ubao wa juu, mwingine anyooshe magoti, nyayo zikanyage ubao wa chini zikiwa wima. Jibu likirudi 73 na kitu, basi ndilo hilo.

Mashavu unayoyaona ni ya kweli. Kilo 9 zinaendana vizuri tu na urefu wa sentimita 73.5, na hapo ndipo udumavu unapojificha. Mtoto aliyekonda hata mpita njia anamwona. Aliyedumaa anaonekana mtoto mzuri wa umri mdogo. Mgeni asiyejua atadhani binti yako ndio kwanza anatimiza mwaka. Isitoshe, kliniki nyingi humning'iniza mtoto kwenye mizani kila mwezi na kuchora uzito, urefu ukapimwa mara chache. Mama anahudhuria bila kukosa, mstari unapanda, na hakuna anayemwambia neno. Huyo mhudumu wenu aliyetoa ubao amefanya kazi yake.

Sasa hoja ya ukoo. Mama mkwe anasema alichokiona kwa macho yake, na heshima yake ibaki pale pale, lakini kwa mtoto wa umri huu hoja hiyo haisimami. Vipimo tunavyotumia vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Waliochaguliwa ni watoto walionyonyeshwa, waliolishwa vizuri, ambao mama zao hawakuvuta sigara. Watoto wa Muscat, wa Accra na wa Oslo walirefuka karibu sawa kabisa katika miaka mitano ya mwanzo. Tofauti za ukoo huja kujionyesha baadaye. Na kuna hesabu nyingine: katika jamii iliyolishwa vizuri, watoto wanaoangukia chini ya ule mpaka kwa maumbile yao tu ni kama wawili au watatu katika mia. Njombe ni hamsini katika mia. Wabena, Wahehe na Wakinga hawakuumbwa kwa udongo tofauti na watu wengine. Huenda hata ufupi wa mashangazi na wajomba unaoitwa ukoo ni udumavu wa utotoni mwao, ambao mama aliyedumaa humpokeza mtoto kwa kumzaa mdogo.

Nikupe picha ya nchi, ujue husimami peke yako. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 42, na utafiti wa 2015-16 ukakuta 34. Hayo ni maendeleo ya kweli, na watu wametoka jasho kuyapata. Lakini fungua jedwali la mikoa uone walio juu: Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Ndio hao hao wanaolisha nchi. Iringa imenitia uchungu zaidi, kwa sababu katika utafiti wa 2015-16 ilikuwa kwenye asilimia 42. Takwimu za mkoa mmoja huwa na kupwa na kujaa kwake kwa sababu nyumba zinazotembelewa ni chache, lakini kupanda kiasi hicho huwezi kukuita bahati mbaya ya sampuli.

Hapo ndipo redio inakuchanganya. Njaa inayotangazwa kimataifa huhesabiwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kwa sehemu kubwa kutokana na chakula kilichopo nchini, nguvu iliyomo ndani yake, na namna watu wanavyokipata. Kwa ufupi wanakadiria ni watu wangapi hawapati nguvu ya kutosha kuishi na kufanya kazi. Kwa mwaka 2024 makadirio yalikuwa watu kati ya milioni 638 na milioni 720, na namba ya katikati, milioni 673, ndiyo iliyosomwa redioni. Imeshuka kweli ukilinganisha na miaka miwili ya nyuma yake. Lakini kwa Afrika peke yake ilipanda, ikafika zaidi ya watu milioni 300, mtu mmoja katika kila watano. Na kwa namna ya kuhesabu ile, nyumba yako yenye magunia stoo imo upande wa walioshiba. Hesabu ya FAO haifunui bakuli la mtoto wa miezi 18 ikaangalia kilichomo.

Ahadi za kumaliza njaa tumezisikia sana. Mwaka 1974 mkutano wa chakula wa dunia mjini Rome uliambiwa kwamba ndani ya miaka kumi hakuna mtoto atakayelala na njaa. Mwaka 2014 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi huko Malabo, Guinea ya Ikweta, kwamba ifikapo 2025 njaa itakuwa imekwisha na udumavu umeshuka mpaka asilimia 10. Mwaka 2025 umefika, mwenyewe umeuona. Lakini wanaosema hakuna kilichofanyika nao wanakosea: nchi zinazoendelea zilikuwa na watu wenye njaa asilimia 23 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia 2015 walikuwa wamebaki karibu asilimia 13. Kisha mambo yakarudi nyuma. Vita viliongezeka, ukame ukapiga Pembe ya Afrika, UVIKO-19 ukafunga vibarua na masoko, bei za mbolea na ngano zikapanda. Mwaka 2024 baa la njaa lilithibitishwa kambi ya Zamzam, Darfur, nchini Sudan, na Agosti 2025 likathibitishwa Gaza. Hayo hayana fumbo lolote la lishe. Watu wamezuiwa chakula kwa silaha. Mwaka huo huo wa 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na programu nyingi za lishe zilizolitegemea, za Afrika zikiwemo, zikayumba.

Nimekueleza hayo ili utenganishe. Njaa ya Zamzam huondolewa kwa kusimamisha vita na kufungulia malori ya chakula. Hata kesho lori likishusha magunia mlangoni kwako, urefu wa binti yako hautaongezeka hata nusu sentimita. Tatizo lake lina njia nyingine.

Njia hiyo ilianza kabla hajazaliwa. Kilo 2.4 ni uzito mdogo; tunataka mtoto aanzie kilo 2.5 kwenda juu. Hukusema ulianza kliniki mwezi gani wala kama ulimeza vidonge vya madini chuma, lakini kwa wakulima wa kwenu mimba mara nyingi hukutana na msimu wa kulima au kupalilia, na mama hula kama kawaida huku akifanya kazi ya watu wawili. Mtoto akaingia duniani ameshapungukiwa. Kisha kwenye mwezi wa nne akaanza uji. Mtoto wa miezi mitatu au minne kulia ni kawaida na si dalili kwamba maziwa hayatoshi. Uji wa mapema una madhara mawili: unajaza tumbo na kuondoa maziwa, ambayo ni chakula kizito kuliko huo uji, na unaingiza vijidudu kwenye utumbo ambao haujakomaa. Mtoto anayeharisha mara kwa mara, hata kidogo kidogo, ukuta wa utumbo wake huchoka, chakula kinapita bila kunyonywa vizuri, na mwili hutumia kupigana na vijidudu kile ambacho kingekwenda kwenye mifupa.

Halafu kuna mahindi yenyewe. Mfupa hurefuka mwishoni mwake, kwenye tabaka laini ambako chembe mpya hujengwa kila siku, na ujenzi huo unataka protini kamili, zinki na madini mengine kwa wakati mmoja. Mahindi yana nguvu nyingi lakini yamepungukiwa na viini viwili vya protini, laisini na triptofani. Ni kama fundi uliyemletea mchanga malori matatu na saruji mifuko miwili: ukuta utaishia pale saruji ilipoishia, na mchanga utabaki umelundikana uani. Mwili wa mtoto unaotambua kwamba kiini kimoja hakitoshi huacha kurefuka kwanza, ili akiba itumike kwenye moyo, ubongo na damu. Kwa hiyo anaweza kushiba kila siku na akadumaa.

Angalia sasa siku yake ulivyoiandika. Tumbo la mtoto wa kilo 9 hubeba kama mililita 270 kwa mlo mmoja, kikombe kimoja cha kawaida na tone. Uji mwepesi wa vijiko viwili vya unga katika kikombe hicho haufikishi kilokalori 100. Kwa umri wake anahitaji takriban 550 kwa siku nje ya ziwa. Vikombe viwili vya uji na matonge machache ya ugali anayogombania na kaka yake haviwezi kufika huko, na mchuzi ni maji yaliyopita kwenye maharage. Maharage yenyewe yamebaki kwa wakubwa. Sikulaumu wewe wala bibi. Ndivyo watoto wengi wanavyolishwa Njombe na Iringa, kwa sababu mama anatoka alfajiri kwenda shamba la viazi au chai na kurudi jua likizama.

Kwa hiyo cha kufanya ni nini? Kwanza mpe sahani yake. Peke yake, na mtu mzima akae naye mpaka amalize. Ukiniuliza badiliko moja lisilo na gharama, ni hilo. Milo iwe mitatu au minne kwa siku, na katikati apate kitu kidogo kama ndizi mbivu au kipande cha parachichi.

Uji uwe mzito. Uchote kwa kijiko, ugeuze kijiko: ukimiminika kama chai, rudisha jikoni. Kama anashindwa kumeza uji mzito, tumia kimea cha ulezi. Pika uji mzito wa kusimama, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika chache utalainika wenyewe bila kuongeza maji, kisha uchemshe tena kidogo kuua vijidudu. Hapo kikombe kile kile kimebeba unga karibu mara mbili. Na kabla hujampa, ponda robo ya parachichi uchanganye. Nyie mnauza parachichi Ulaya. Zile zinazokataliwa na wanunuzi kwa kuwa ndogo au zina makovu zina mafuta yale yale. Maharage yaponde yakiwa na maganda yake kidogo au bila, yaingie kwenye ugali wake. Mahindi na maharage pamoja, kama kwenye kande, huzibiana mapengo ya viini vya protini, ila kande za mtoto lazima zipondwe.

Mayai. Mwanao apewe yai moja kila siku, mengine yauzwe. Najua yapo maneno kwamba mtoto akila mayai atakuwa mwizi, na mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa bila nywele. Hayana ukweli. Lakini nisikudanganye pia kwamba yai ni muujiza. Utafiti uliofanywa Ecuador, ukachapishwa 2017, uliwapa watoto wachanga yai moja kila siku kwa miezi sita na udumavu ukapungua karibu nusu. Walipojaribu vile vile Mangochi, Malawi, urefu haukubadilika, na sababu inayodhaniwa ni kwamba watoto wa kando ya ziwa walikuwa tayari wanakula samaki. Mwanao halili samaki wala nyama kwa orodha uliyonipa, kwa hiyo yeye yuko upande wa Ecuador. Dagaa wakavu waliooshwa mchanga, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa, kijiko kimoja kwenye mlo, watasaidia sana. Maini ya kuku siku mnapochinja yawe yake.

Ule unga wa vitu kumi na viwili urudishe kwa heshima. Hili wataalamu wa lishe nchini tumelisema mpaka sauti zimekauka, na bado unauzwa kila stendi. Karanga, soya, mchele, ngano, ulezi na mahindi haviivi kwa muda mmoja. Soya isiyoiva vizuri ina kizuizi kinachomzuia mtoto kusaga protini. Karanga zilizosagwa zikakaa kwenye mfuko huota ukungu wenye sumukuvu, sumu ambayo kwa wingi huua ini, kama ilivyotokea Kenya mwaka 2004 na Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kwa kiasi kidogo cha kila siku imehusishwa na udumavu wenyewe. Tumia unga wa nafaka moja au mbili, na vya protini uviongeze freshi jikoni. Mahindi yenu pia yaangalie: yachague, yenye ukungu yasiende kwenye unga wa mtoto, na kumlisha kuku si suluhisho zuri.

Dawa ya kuongeza hamu usimpe. Nyingi ya hizo ni dawa za mzio zinazomfanya mtoto asinzie na ale zaidi kwa muda mfupi. Akiacha, hamu inarudi ilivyokuwa, na kama kilichomo kwenye bakuli ni uji mwepesi, ataongeza uji mwepesi. Soda, biskuti na mafuta ya kumiminwa kwa wingi navyo vitamwongezea upana, urefu ukabaki.

Utaambiwa pia kwamba mkijenga choo bora mtoto atarefuka. Jengeni choo, nawa mikono, chemsha maji. Kuharisha na kipindupindu si mchezo. Ila majaribio makubwa yaliyofanywa magharibi mwa Kenya, Zimbabwe na Bangladesh yalionyesha kwamba vyoo vya shimo, sabuni na klorini peke yake havikuongeza urefu wa watoto. Kilichoongeza, tena kidogo, ni ushauri wa lishe pamoja na chakula chenye virutubisho. Nakwambia hili ili nguvu na pesa ulizonazo uanze kuzipeleka kwenye bakuli.

Atarefuka? Kwa miezi sita ijayo bado yuko ndani ya zile siku 1,000, tangu mimba mpaka miaka miwili, ambamo mwili unaitikia vizuri zaidi. Akifika miezi 24 akapimwa amelala, mpaka ni sentimita 80. Anahitaji kuongeza kama sentimita 6 na nusu. Mtoto wa urefu wa kati huongeza karibu sentimita 5.7 katika kipindi hicho, kwa hiyo ni mlima, ingawa si mlima usiopandika. Siwezi kukuahidi atavuka. Ninachotarajia, ukibadilisha ulishaji sasa, ni kwamba ataacha kuzidi kubaki nyuma, kisha apunguze pengo, na ataendelea kupunguza taratibu miaka ya shule.

Kuhusu akili, watu wamekutisha bure. Udumavu si utindio wa ubongo. Kweli watoto waliodumaa, wakichukuliwa kwa jumla, huchelewa kidogo shuleni, lakini sababu nyingi za hilo zinashikika. Mjini Kingston, Jamaica, kwenye miaka ya 1980, watafiti walichukua watoto waliodumaa wa umri kama wa mwanao, na kwa miaka miwili mhudumu akawa anatembelea baadhi ya nyumba mara moja kwa wiki, saa moja tu, kumfundisha mama kucheza na mtoto: kumtajia vitu, kupanga vikopo, kumwimbia, kumsifu. Miaka 20 baadaye watoto wale walikuwa wanapata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao waliodumaa wasiotembelewa, wakawa wamewafikia wale ambao hawakudumaa kabisa. Vifaa vingi vilikuwa vya kutengeneza nyumbani. Ukimmenyea viazi mtajie. Bibi ana hadithi na nyimbo kuliko wewe na mimi. Hiyo ndiyo kazi ya kumpa, na ukimpa kwa namna hiyo mama mkwe atakuwa upande wako hata kwenye habari ya mayai.

Hata hivyo, nyumba moja haiwezi kubeba yote haya, na kwenu hili linajulikana kuliko kokote. Kuanzia mwaka 1983, UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia walianzisha mradi wa lishe katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake. Watoto walipimwa kijijini, majina yakaletwa mbele ya kamati ya kijiji, na swali likawa: huyu kwa nini, nani anamwangalia mchana, tufanye nini? Vituo vya kulishia watoto wakati mama yuko shambani vikaanzishwa, kimea kikasambazwa, na utapiamlo mkali ukashuka sana. Kutokana na kazi ile UNICEF ilichora mwaka 1990 mchoro wa visababishi vya utapiamlo unaofundishwa vyuoni mpaka leo. Dunia ilijifunza Iringa, kisha Iringa ikaachwa. Fedha za mradi zilipokwisha, kamati nyingi zilikufa. Peru ilifanya vingine: udumavu wa asilimia 28 mwaka 2008 ulishuka mpaka 13 mwaka 2016, kwa sababu serikali yenyewe iliweka fedha, ikazifunga na matokeo ya kila mkoa, na mama maskini wa milimani wakapewa ruzuku kwa sharti la kupeleka watoto kliniki. Huko nako walikuwa wakisema watu wa milimani ni wafupi kwa asili.

Sisi tuna mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa husaini, na kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Una haki ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji fedha hiyo ya kwenu imefanya nini. Na kituo cha kuwaangalia watoto msimu wa viazi, kina mama mkichanga mahindi na maharage na kumlipa mmoja wenu abaki nao, hakihitaji mfadhili kuanza.

Kuna mambo ya kumpeleka kituo cha afya bila kungoja ushauri wa maandishi. Mkanda wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili ikivimba na kubonyea, mpeleke siku hiyo hiyo. Hapo atahitaji chakula dawa, yaani chakula maalumu cha kutibu utapiamlo mkali, na uangalizi. Vivyo hivyo akikataa kula na kunyonya, akiharisha zaidi ya wiki mbili, akiwa na kikohozi kisichoisha au homa za kurudi rudi. Kwa miezi 18 anatakiwa awe anatembea mwenyewe na ana maneno machache. Kama bado, daktari amwone. Na kama baada ya miezi mitatu ya kulishwa vizuri urefu haujasogea, omba rufaa ya hospitali waangalie damu, VVU, kifua kikuu, moyo na tezi ya shingo, kwa sababu si kila ufupi unatoka jikoni. Matone ya vitamini A na dawa ya minyoo ya kila miezi sita asikose. Afisa lishe wa halmashauri yupo kwa ajili yako. Mwombe aje aone sahani yenyewe, maana kwenye sahani ataona nisichoweza kuona kwenye barua.

La mwisho ni mimba nyingine, kama mnaifikiria. Subirini mpaka huyu apite miaka miwili. Ukishajijua tu, kliniki ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, vidonge vya madini chuma na foliki kila siku hata kama vinakuchafua tumbo, mlo mmoja zaidi kwa siku, na mzee wa nyumba akubali kwamba miezi ya mwisho jembe zito si lako. Akizaliwa, ziwa tupu mpaka miezi sita itimie, bila maji wala uji, na kwenye kila kliniki uliza urefu wake, usiridhike na uzito.